Kipaji ni cha Nani?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri, binti wa dada yangu alichukua khanga ya mama yake, akakifunika kinanda, akaniambia: "Mjomba, leo sipigi."

Nje bajaji ilikuwa inatungoja. Kutoka kwetu Ipuli hadi ukumbini si mbali, lakini maharusi walikuwa karibu kuingia, na mimi nilikuwa nimepokea nusu ya malipo tangu Jumanne. Tena pesa yenyewe nilikuwa nimeshaanza kuitumia. Mtoto ana miaka 11.

"Hupigi vipi? Watu wanakungoja."

"Wanakungoja wewe, mjomba."

Nilifanya kile ambacho wakubwa wengi tungefanya. Kwanza nikabembeleza, nikaahidi chipsi na soda. Halafu nikapandisha sauti, nikamkumbusha ni nani aliyenunua kile kinanda cha mtumba, na ni nani aliyekwenda kumwomba mwalimu wa kwaya amfundishe kusoma nota. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele; akasikia, akanyamaza. Mwisho mtoto akavaa viatu. Alipiga vizuri, bila kukosea hata mara moja, watu wakamtunza noti za elfu mbili na za elfu tano, na njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Ningeweza kulisahau jambo hili. Watoto hununa, kesho wanacheza. Ila wiki hiyohiyo nilikuwa natafuta picha ya mpiga piano mweusi niichape, niibandike ukutani juu ya kinanda, ili mtoto aone kwamba mambo haya yanawezekana hata kwa watu kama sisi. Ndivyo nilivyokutana na maisha ya Philippa Duke Schuyler. Nimeyasoma, na picha sijaibandika.

Philippa alizaliwa Harlem, New York, tarehe 2 Agosti 1931. Baba yake, George Schuyler, alikuwa mwandishi wa habari mweusi mwenye jina kubwa. Mama yake, Josephine Cogdell, alikuwa mzungu kutoka familia yenye uwezo huko Texas. Enzi zile katika majimbo mengi ya Marekani ndoa kama yao ilikuwa kosa la jinai. Wao wakaamini kwamba damu mbili zikichanganyika zitazaa mtoto mwenye nguvu na akili kuliko kawaida, na wakataka ulimwengu uone. Nyumbani kwao chakula kililiwa kibichi, hata nyama, kwa imani kwamba kupika kunaua nguvu ya chakula. Mtoto alisomeshwa zaidi nyumbani. Akiwa mdogo sana alikuwa anasoma, anapiga piano na kutunga vipande vyake mwenyewe, na magazeti yakaja kupiga hodi.

Hebu fikiria, ndugu msomaji: katika nchi ambayo mtoto mweusi aliambiwa kila siku kwamba akili yake ni pungufu, hapa kuna binti mdogo anayekaa kwenye piano na kuwanyamazisha. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, alimpa siku yake maalumu kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika jijini humo. Mwaka 1946, akiwa na miaka 14, alipiga konseto ya Saint-Saëns pamoja na okestra kubwa ya jiji, New York Philharmonic. Familia nyingi za watu weusi ziliwaanzishia watoto wao masomo ya piano kwa sababu yake. Ukimuuliza mtu yeyote wakati ule kama wazazi wale wamefanya vizuri au vibaya, angekushangaa. Matokeo si hayo hapo?

Lakini kulikuwa na daftari. Tangu siku za mwanzo Josephine alikuwa anaandika na kubandika kila kitu kuhusu mwanawe: alipotambaa, alipotamka neno, alichokula, magazeti yalivyosema. Philippa alipofikisha miaka 13 alionyeshwa madaftari hayo. Mama, nadhani, aliona anampa zawadi. Mtoto akasoma na kuona kitu kingine kabisa: kwamba maisha aliyodhani ni yake yalikuwa jaribio la watu wengine, na yeye ndiye alikuwa kitu kinachojaribiwa.

Nilipofika hapo nilisimama, maana na mimi nina daftari. Ni kaunta buku lenye jalada jeusi. Nimeandika kila harusi, kipaimara na ubatizo aliopigia, tarehe, kiasi tulichopewa, nani alimsifu na kwa maneno gani. Nilikuwa naliita kumbukumbu. Nikilifungua, sioni popote nilipoandika kwamba siku fulani alifurahi.

Philippa alipokua, mlango uliokuwa wazi kwa mtoto wa ajabu ukaanza kufungwa mbele ya mwanamke mweusi. Kumbi za nyumbani hazikumtaka kama zamani, ikabidi asafiri: Amerika ya Kusini, Ulaya, Asia, Afrika. Alipiga Addis Ababa mbele ya Mfalme Haile Selassie. Alitunga muziki aliouita kwa jina la Mto Nile, mto ambao maji yake mengine yanatoka huku kwetu, Ziwa Viktoria. Mwaka 1962 alichapisha kitabu kuhusu Kongo, wakati nchi ile inavuja damu. Mama yake alikuwa bado anamwongoza kwa barua, apige wapi, avae nini, akutane na nani. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akajipa jina jipya, Felipa Monterro, akajitambulisha kama mtu wa asili ya Kihispania, ili walau ukumbi mmoja umsikilize bila kumwona kwanza rangi. Binti aliyelelewa ili awe ushahidi wa fahari ya watu weusi akaishia kuuficha weusi wake apate kazi.

Tarehe 9 Mei 1967 alikuwa Vietnam, akiandika habari na kupiga piano, na akisaidia kuhamisha watoto kutoka Hue kwenda Da Nang. Helikopta ilianguka baharini. Hakujua kuogelea. Alikuwa na miaka 35. Miaka miwili baadaye mama yake alijiua.

Sisemi kwamba piano ilimuua, wala kwamba wazazi wake hawakumpenda. Walimpenda, pengine kuliko wazazi wengi wanavyopenda, na hapo ndipo swali linapouma. Kipaji cha mtoto ni cha nani?

Huku kwetu jibu la kwanza linatoka kanisani: kipaji ni cha Mungu, mwanadamu amekopeshwa. Na mara moja utasomewa habari ya yule mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini, bwana wake alivyomkasirikia. Niliitumia mwenyewe siku ile ya harusi. Nilikwenda kuisoma upya kwa utulivu, nikaona kitu nilichokuwa nakiruka. Talanta walipewa watumishi wenyewe mkononi, kila mmoja yake, na hesabu alidaiwa kila mmoja mwenyewe. Mle ndani hakuna mjomba.

Jibu la pili ni la mzazi: kipaji ni cha aliyekigharamia. Watu hawalisemi wazi, ila wanaliishi. Nimenunua kinanda, nimelipa mwalimu, nimekesha; basi na mimi nina hisa. Lakini tukilikubali hili, hatuna tofauti na mtu aliyemlisha mbuzi. Gharama ya kumlea mtoto si mtaji. Ukimlipia ada akawa daktari, huendi hospitalini kukaa kwenye kiti chake.

Jibu la tatu ndilo tunalolipenda wote siku hizi: kipaji ni cha mtoto, na aamue mwenyewe. Linasikika zuri sana, lakini kwa upande wa piano lina shimo katikati. Piano haimsubiri mtu akue. Wapigaji wakubwa karibu wote walianza kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Mozart alianza kuzungushwa na baba yake huko Ulaya akiwa na miaka 6. Baba yake Beethoven alimtangaza mwanawe kwa tamasha la Cologne mwaka 1778 kama mtoto wa miaka 6, na huku alikuwa na 7, ili watu washangae zaidi. Vidole, sikio, kumbukumbu, vyote hufunguka mapema. Ukisema nitangoja atimize miaka 18 anipe ridhaa yake, umeshaamua kwa niaba yake kwamba hatakuwa mpiga piano. Na asipoulizwa, umeamua pia. Hakuna mahali pa kusimama ambapo mkono wako ni safi.

Ndiyo maana wazee wakasema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeisikia mara nyingi mno tangu nianze kusimulia habari za mpwa wangu. Nina neno moja tu juu yake. Samaki anayekunjwa ameshakufa. Anakunjwa aingie vizuri kwenye kikaango, kwa raha ya mlaji. Kama tunaizungumzia nidhamu, methali ni nzuri. Kama tunamzungumzia mtoto, inafaa tuulize nani ana njaa.

Jibu lililonituliza kidogo sikulipata vitabuni. Nimelipata kwa kukaa hapa Tabora na kukumbuka mji huu ulitokana na nini.

Kila mtu anajua kwamba hapa palikuwa kituo kikubwa cha misafara. Kule Kwihara bado kuna tembe alimokaa Livingstone. Na watu waliobeba mizigo ile hadi Bagamoyo, sehemu kubwa walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi. Mtu alibeba kama kilo 30, pembe au majora ya vitambaa, miezi na miezi. Tukiwa shule tuliwahurumia, tukadhani wote walikuwa watumwa. Baadaye ukisoma vizuri unakuta sivyo. Wapagazi wengi walikuwa watu huru, wanaofanya kazi ya ujira. Waliondoka kiangazi, wakarudi kulima. Kijana aliyefika pwani alirudi na heshima yake. Mzigo waliupima kabla ya kuubeba, na ukizidi waliukataa. Posho ikipungua waligoma, waliweka mizigo chini njiani, na kama mwenye msafara hakusikia walimwacha na pembe zake porini. Wazungu walijaza vitabu vyao kwa malalamiko juu ya jambo hili.

Lakini njia ileile ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo shingoni. Na wao walibebeshwa. Ukiwaangalia kwa mbali, kutoka kilimani, pengine usingewatofautisha: wote wana mzigo, wote wanatoka jasho, wote wanakwenda pwani. Uzito ungeweza kuwa uleule. Tofauti ni moja: nani anaweza kuutua.

Nadhani hilo ndilo jambo tunalokosea tunapobishana juu ya watoto wenye vipaji. Tunabishana juu ya uzito. Saa mbili za mazoezi kwa siku ni nyingi au kidogo? Miaka sita ni mapema au sivyo? Huyu anasema unamtesa, yule anasema unamdekeza. Kumbe mtoto anaweza kubeba mzigo mzito sana na akawa mtu huru, na mwingine akabeba kinanda kidogo cha mtumba akawa mfungwa. Kipimo ni hiki: akiutua leo, nyumbani bado ana jina? Bado anaitwa kula? Bado macho ya wakubwa yanamwangalia vilevile?

Wako waliotua wakabaki wazima. Glenn Gould, Mkanada ambaye naye mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake, aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964, akiwa na miaka 31, jina lake likiwa juu kabisa. Watu walimwona kichaa. Yeye akabaki studio akirekodi hadi alipofariki mwaka 1982. Na hapa jirani kuna Ray Lema, aliyezaliwa Kongo mwaka 1946. Aliingia seminari akitaka upadri, na ni huko ndiko walimu waligundua mkono wake kwenye kinanda, wakamlea katika muziki wa kanisa na wa akina Mozart. Sisi wa Tabora, wenye seminari za Itaga na Kipalapala, tunawajua vijana wa namna hii, wanaorudi likizo wakiimba Kilatini. Lema aliacha njia ya upadri. Baadaye, mwaka 1974, alipokabidhiwa uongozi wa muziki katika Baleti ya Taifa ya Zaire, alizunguka nchi yake kusikiliza ngoma za makabila, kisha akaufungasha upya mzigo wake kwa namna yake. Piano hakuitupa. Aliifanya yake.

Philippa hakupata nafasi hiyo, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na Philippa asiye na piano. Asingejua aende wapi. Ndiyo maana alipochoka hakuutua mzigo. Alichotua ni jina lake mwenyewe, na mzigo akabaki nao. Si kosa la wazazi peke yao. Nchi iliyomshangilia kama ajabu na kumkataa kama mtu ilikuwa na mkono mkubwa zaidi. Lakini mtu akikataliwa nje ndipo anahitaji zaidi mahali ambapo hahitaji kuwa ajabu.

Miaka ile wakubwa zangu walikuwa wanakisifia kikundi cha ngoma cha hapa Tabora, cha Mzee Mwinamila, kilichojulikana nchi nzima. Kilijiita Hiari ya Moyo. Nilipokuwa mdogo nililiona jina la kawaida tu, kama majina ya mabasi. Siku hizi nalifikiria sana. Ngoma ina jasho, ina mazoezi, ina kiongozi mkali. Hiari haiondoi hayo yote. Inasema tu moyo wa nani unapiga.

Hapa Tabora msimu wa maembe ukikaribia, watoto hawana subira. Wanachuma mabichi, wanayavumbika kwenye majivu au ndani ya debe la mahindi, baada ya siku chache yanakuwa manjano. Ukiyaona yameiva. Ukila, utamu haujafika kwenye kokwa. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumlaumu mtoto kwa kuvumbika embe. Hamu ni hamu. Ila mimi si mtoto, nina miaka 43, na kilichokuwa kwenye majivu yangu hakikuwa embe.

Basi nimefanya nini? Si makubwa. Harusi mbili zilizokuwa zimepangwa Desemba nilizighairi, advansi ya mmoja nikairudisha kwa kukopa, na mwenye harusi alinisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Kaunta buku nimelifunga. Nilimwita mtoto mbele ya mama yake, nikamwambia kinanda ni chake, kwamba akitaka apige, asipotaka asipige, na kwamba mimi nitaendelea kuja Jumapili kula ugali hapa kama kawaida. Akaniuliza, "Hata nisipopiga tena kabisa?" Nikasema hata kabisa. Dada yangu akaniangalia kwa jicho la "umeshasema, tutaona."

Sikumbuki kama niliwahi kusema neno gumu kuliko lile. Maana ukweli ni kwamba nataka apige. Naamini ana mkono ambao Tabora haijauona, na kila wiki anayokaa bila mazoezi nahesabu kimoyomoyo, kama mtu anayeangalia maji yanavyovuja kwenye ndoo. Inawezekana nimekosea. Inawezekana akifika miaka 20 atanijia na kuniuliza: mjomba, kwa nini hukunilazimisha? Kina Philippa wana madai yao, na waliozembewa nao wana yao. Nitakuwa sina jibu zuri. Nitamwambia tu kwamba kati ya makosa mawili nilichagua lile ambalo yeye mwenyewe angeweza kulirekebisha.

Wiki saba khanga haikutoka juu ya kile kinanda. Wiki ya nane nilikuta imekunjwa, imewekwa kwenye kiti. Kutoka ndani nikasikia kile kipande cha Beethoven ambacho kila simu duniani imeshakipiga, polepole, kinakosewa mahali palepale, kinaanzwa upya. Nilitaka kuingia nimwonyeshe kidole kinapotakiwa kukaa. Dada yangu alikuwa uani na ungo wake, akanitikisia kichwa.

Nikavuta kigoda, nikakaa nje. Akakosea tena palepale. Nikanyamaza.